Nusu saa ya runinga kwa siku inatosha kukupa mazoezi ya wiki nzima

Anayesema hana muda wa mazoezi, mara nyingi muda anao, ila ameukalia mbele ya runinga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kwa anayeangalia runinga kwa muda wa saa mbili kila jioni, hiyo ni robo tu ya muda wake, na taarifa ya habari inabaki palepale.

Kabla ya kupunguza, pima. Weka daftari kando ya runinga kwa siku saba. Kila anayewasha aandike saa aliyowasha, saa aliyozima na alichokuwa anaangalia. Akikosa la kuandika hapo mwisho, muda huo ndio wa kukata kwanza. Humo utakuta marudio ya tamthilia ya jana, na rimoti inayozungushwa chaneli zote za kisimbuzi bila kupata cha maana. Mechi ya Simba na Yanga iacheni. Mapumziko yake ya dakika 15 yanatosha kunyoosha miguu uani.

Wengi hukwama kwa sababu wanazima runinga bila kuweka kitu mahali pake. Mtu anazima, anabaki kwenye kochi lilelile, anachukua simu, na saa nzima inaishia kwenye video fupi. Mwili haujapata nafuu yoyote hapo, kwa kuwa tatizo ni kukaa. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio ikitulia muda mrefu hutumia sukari kidogo sana ya damu. Ikifanya kazi huivuta sukari hiyo, hata kwa mtu ambaye insulini yake, yaani homoni ya kushusha sukari, imepungua nguvu. Ndiyo maana kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha usiku kunasaidia, hata kama ni kuzunguka nyumba tu.

Kwa matembezi marefu zaidi, Dodoma ina saa zake. Saa 11:30 jioni joto limeshapungua na mwanga bado upo. Viatu na chupa ya maji viwe mlangoni kabla hujakaa, maana ukishakaa umeshindwa. Wiki ya kwanza tembea dakika 10, ya pili 20, ya tatu 30. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba: ukiweza kuimba, ongeza, maneno yakikatika kwa kuhema, punguza. Anzia njia tambarare, kama za kuzunguka Nyerere Square, na mwinuko wa Mlimwa usubiri magoti yazoee. Miezi ya upepo na vumbi, wenye pumu ni afadhali watembee asubuhi, kabla upepo haujashika kasi.

Chakula kiliwe mezani au mkekani, runinga ikiwa imezimwa. Macho yakiwa kwenye tamthilia, mkono hauhesabu. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, ina takribani kalori 170, na mfuko uliopakatwa hauishii konzi moja. Weka kiasi hicho kwenye kibakuli, mfuko urudi jikoni. Soda ya mililita 300 nayo ina takribani gramu 30 za sukari, sawa na vijiko sita vya chai.

Watoto walio chini ya miaka 2 hawashauriwi kuangalia runinga kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku. Runinga iliyo chumba cha kulala ihamishiwe sebuleni.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari atembee na glukosi au pipi mfukoni. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho la ghafla, akae na ale. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea na kuisha ukipumzika usiyaite uchovu: acha mazoezi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.