Seli shina, oksijeni na kisukari: dhana potofu na ukweli

Dhana inayosikika sana ni kwamba seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukuzwa zikawa seli za aina nyingine, zimekwisha kuponya kisukari, na kwamba mgonjwa wa Kampala au Mbarara anaendelea kujidunga insulini kwa sababu tu hana fedha za kwenda kutibiwa ng'ambo. Matumaini yapo kweli. Mwaka 2000, madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa 7 wa kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho hushindwa kutengeneza insulini, wameacha insulini baada ya kupandikizwa seli za kongosho kutoka kwa watu waliofariki, seli ambazo huingizwa kwa mrija mwembamba katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, zikakaa humo na kuanza kutoa insulini. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya seli zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina: kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuwa wakihitaji insulini baada ya mwaka mmoja.

Wanaouza tumaini hili hawasemi kwamba waliopandikizwa hulazimika kutumia dawa za kushusha kinga ya mwili. Mshiriki mmoja wa utafiti huo wa pili alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu, ugonjwa ambao madaktari wetu wanaujua vyema kwa wagonjwa wa UKIMWI. Isitoshe, walioshiriki walikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, na sukari yao ilikuwa ikishuka kwa kiwango cha hatari. Matokeo yao hayamhusu mwenye aina ya pili, ambaye mara nyingi mwili wake bado hutengeneza insulini lakini haiitikii ipasavyo.

Kuhusu oksijeni, wapo wanaoamini kwamba kuivuta hurudisha uhai wa kongosho. Hakuna ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Tiba ya oksijeni ya shinikizo kubwa, ambayo mgonjwa hupewa akiwa ndani ya chemba maalumu, hutumiwa kusaidia baadhi ya vidonda sugu vya miguu, na hata hapo watafiti hawajaafikiana kuhusu ukubwa wa faida yake. Mtungi wa oksijeni wa nyumbani hauwezi kufanya kazi ya chemba hiyo.

Wengine hudhani kwamba kulipia majaribio ni jambo la kawaida. Utafiti halali wa dawa nchini Uganda hupitia kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na mshiriki huelezwa hatari zote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Kliniki inayodai mamilioni ya shilingi bila kuonyesha vibali hivyo ni ya kuepukwa.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kuacha insulini ili "tiba mpya ifanye kazi". Mwenye aina ya kwanza akiiacha, damu yake inaweza kujaa asidi katika muda wa siku moja au mbili. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kutoa pumzi yenye harufu ya matunda, apelekwe hospitali usiku huohuo.