Msafara wa baiskeli ni Juni, barua ya kivuko ni Oktoba

Kila inapokaribia Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, ofisi zinazoshughulikia barabara na usalama hapa Tanzania hupokea barua za aina moja kutoka vikundi vya waendesha baiskeli. Ukurasa wa kwanza unaomba "kibali cha msafara". Wa pili unaomba tuta mbele ya shule, kivuko cha waenda kwa miguu pale sokoni na njia ya baiskeli kutoka mtaani hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Barua imeandikwa kwa ofisi nne kwa mpigo, imeletwa Ijumaa alasiri, na msafara ni Jumapili asubuhi. Nia ni njema, hakuna anayeitilia shaka. Ila hayo ni maombi mawili yenye wenyewe tofauti na kalenda tofauti, na kuyatia kwenye bahasha moja ndiyo chanzo cha lile lalamiko la kila Agosti: "tuliandika, hatukujibiwa."

Taarifa ya msafara

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma ampelekee ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo taarifa ya maandishi, si chini ya saa 48 kabla. Taarifa itaje mahali, saa na madhumuni. Sheria imesema taarifa, haikusema kibali. Huna haja ya kusubiri karatasi ya "ruksa" ndipo uchapishe fulana. Lakini ofisa huyo anaweza kuzuia shughuli akiona inahatarisha amani au usalama. Amri ikitoka na watu 3 au zaidi wakaikaidi, mkusanyiko unahesabiwa kuwa si halali, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi mwaka 1 kwa anayeshiriki. Tunalirudia hili kwa sababu hakosekani wa kusema "sisi ni mazoezi tu, hayo ya polisi ni ya wanasiasa." Baiskeli 60 zikiongozana barabarani ni msafara, ziwe zimebeba bendera ya chama au maputo ya watoto.

Sasa hesabu. Msafara ukianza Jumapili saa 12:30 asubuhi, saa 48 kabla yake ni Ijumaa saa 12:30 asubuhi, ofisi bado haijafunguliwa. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ni Alhamisi, na Alhamisi yenyewe ni ya mtu asiyepanga. Peleka siku 10 kabla. Barua iende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya (DTO) na kwa watendaji wa kata mtakazopita. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mwambie karani aandike na saa. Ambatanisha njia: majina ya barabara kwa mpangilio wa kupita, sehemu za kupumzika, saa ya kufika kila sehemu, jina na simu ya mtu mmoja anayewajibika. "Tutazunguka Kinondoni" si njia.

Kama kuna namba kifuani, saa ya kupimia na zawadi kwa wa kwanza, hayo ni mashindano. Anzeni kwa chama cha mchezo kilichosajiliwa na Baraza la Michezo la Taifa, maana masharti yake ni mengine. Na wanaouliza mbona Kigali watu hufungiwa barabara wakatembea na kuendesha baiskeli kwa raha: pale, tangu 2016, ni jiji lenyewe linalozifunga barabara zake. Halikuletewa barua Ijumaa alasiri.

Urefu wa msafara

Waandaaji hutaja idadi ya watu, mara chache sana hutaja urefu. Baiskeli moja na nafasi ya kujihami nyuma yake huchukua kama mita 4. Watu 300 wakienda wawili wawili ni safu 150, yaani mita 600. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa wanahitaji dakika 3 kamili kupita mbele ya taa, na hapo hakuna hata mmoja aliyechelewa. Hakuna taa ya kijani ya dakika 3. Msafara utakatika katikati, walioachwa watakimbilia wenzao taa ikiwa nyekundu, na hapo ndipo watu huumia.

Gawanyeni vikundi vya watu 40. Kikundi kina mita 80 na hupita kwa sekunde 24. Kila kikundi kiwe na kiongozi wa mbele ambaye hapitwi na yeyote, mfunga mkia ambaye hampiti yeyote, na waongozaji 2 wa pembeni, wote wamevaa reflekta. Kikundi hadi kikundi muda wa dakika 2. Mwongozaji hasimamishi magari makutanoni. Hiyo ni kazi ya trafiki, na ndiyo maana tunataka saa za kufika kila sehemu. Kijana aliyejitosa kati akanyoosha mkono mbele ya lori hana mamlaka hayo, na likitokea la kutokea atakayeulizwa kwanza ni aliyesaini barua.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, chora mzunguko unaokata kona za kushoto. Kona ya kulia kwenye barabara ya njia nne inawalazimisha watu 40, watoto wakiwemo, kuvuka njia mbili za magari yanayokwenda upande wao. Njia nzima isizidi kilomita 15. Ipiteni wiki moja kabla, siku ileile na saa ileile. Jumapili barabara iliyo kimya saa 12:30 huwa imejaa daladala na watu wa kanisani saa 2. Njia ya mabasi ya mwendokasi haiingiwi, hata ikiwa tupu, hata kwa picha moja.

Maji, huduma ya kwanza na gari la nyuma mnayajua. Tunachokiona kikisahaulika ni fundi. Kwa kila kikundi fundi mmoja, pampu 2, spana namba 15, kiungo cha cheni, viraka, msasa, solusheni (gundi ya viraka), na tyubu mbili mbili za inchi 26 na 28. Pancha nyingi pembeni mwa barabara kuu hutokana na nyuzi za chuma za tairi za malori zilizopasuka. Ni nyembamba kama sindano na hubaki ndani ya tairi, kwa hiyo fundi asiyepitisha vidole ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu ataziba tundu hilohilo mara mbili. Solusheni iachwe dakika 5 ikauke ndipo kiraka kibandikwe. Ikiwa bado mbichi kiraka huvimba na kuachia mbele ya safari. Breki ipimwe kabla ya kuondoka: bana ya nyuma, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu likikokoteka bila kuzunguka, imeshika. Likizunguka, mwenye baiskeli abaki. Atanuna, abaki.

Ombi la barabara

Hapa ndipo penye uzito. Njia za miguu na baiskeli za awamu ya kwanza ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro, iliyoanza huduma Mei 2016, zilikuwa ndani ya usanifu, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Misafara ya vikundi kama UWABA (Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam) ilisaidia watu kuziona baiskeli kuwa ni usafiri. Hata hivyo mhandisi hawezi kuandika kwenye makisio yake "watu walikuwa wengi na walifurahi." Anaandika vipimo.

Kwanza jueni barabara ni ya nani. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ina barabara kuu na za mkoa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanzishwa 2017, ina za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani. Imani kwamba lami ni ya TANROADS na vumbi ni la TARURA haina msingi wowote, na imezungusha barua nyingi. Lami si kitambulisho. Mtendaji wa mtaa au ofisi ya TARURA ya wilaya itawaambia kwa dakika tano.

Kisha pimeni mwendo wa magari. Hamhitaji tochi ya trafiki, kile kifaa cha kupimia mwendo. Pimeni mita 50 kwa futi kamba (nguzo za umeme hazilingani nafasi, msizitumie), wekeni alama mbili za chokaa. Mmoja asimame alama ya kwanza, ashushe mkono tairi la mbele linapoigusa. Wa pili awe alama ya pili na saa ya simu. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 40. Sekunde 3.6 ni 50, ambao ndio ukomo kwenye makazi. Sekunde 2.5 ni 72. Chukueni magari 100, yale tu yasiyozuiwa na gari la mbele, na muandike yote, ya polepole pia; orodha ya wakosaji watupu inakataliwa na mhandisi yeyote. Kosa la kidole la sehemu ndogo ya sekunde linaweza kugeuza 50 ikawa 54, hivyo panaponyooka tumieni mita 100 na mgawanye 360. Na mjifiche kidogo. Dereva akiona mtu kasimama kando na kitu mkononi hudhani ni tochi, hupunguza, na vipimo vyenu vyote vinakuwa vya adabu.

Hesabuni na watu. Shule ya msingi, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 8 hadi saa 10 alasiri, siku mbili zisizo Jumatatu wala Ijumaa. Mstari mmoja kwa kila dakika 15, safu kwa wanafunzi, watu wazima, wenye ulemavu, baiskeli, na ya peke yake kwa guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu) na mikokoteni. Guta likisahaulika kwenye hesabu litasahaulika kwenye upana wa njia, kisha tutalalamika kwamba linakwenda katikati ya barabara.

Wengi huomba zebra. Rangi haisimamishi gari. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki; kwa 30 ni mita 8 na kidogo. Kinachomwokoa mtoto ni mwendo mdogo, kwa hiyo ombeni kivuko kilichoinuliwa au tuta kabla ya zebra, nguzo fupi za kuzuia bodaboda kukwepea njia ya miguu, na mfuniko wa mtaro mahali watoto wanapotembea. Ni vitu vya bei ndogo. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanza na shule za Dar es Salaam kwa vitu vya namna hii, ulipata Tuzo ya WRI Ross, ya kimataifa kwa miradi ya miji, mwaka 2019 baada ya utafiti kuonyesha majeraha ya watoto barabarani yakipungua kwa hadi asilimia 26.

Tusisikie habari ya kuchimba na kujenga tuta lenu usiku. Kuharibu barabara ni kosa, na tuta lenyewe huwa baya. Tuta la viwango lina mgongo wa mviringo wa mita 3.7 hivi kwa kuelekea mwendo wa gari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. La mtaani huwa na upana wa hatua moja na ncha kali, halina kibao wala rangi. Gari dogo hurushwa, guta humwaga madumu ya maji, bodaboda hupita pembeni kwenye ukingo wa mtaro, ndipo watoto walipo. Mmewahamishia hatari haohao.

Kuhusu wanaoegesha kwenye njia za baiskeli, piga picha ukionyesha namba ya gari na eneo, peleka kwa DTO. Mwaka 2021 tozo ya papo kwa papo ilikuwa Sh30,000 kwa gari. Bodaboda na bajaji zilishushiwa kutoka hapo hadi Sh10,000 mwaka huohuo. Raia hatozi, hatoi upepo kwenye tairi, wala hafungi gari kwa cheni ya baiskeli. Imetokea.

Mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Ombi la tuta linaloletwa Juni 3 linakuta bajeti ya mwaka unaofuata imeshafungwa, na hata likikubaliwa litasubiri zaidi ya miezi 12. Juni ombeni yaliyo ndani ya matengenezo ya kawaida: kupaka upya zebra iliyofutika, kukata matawi yaliyofunika kibao, kurudisha mfuniko wa mtaro. Tuta, kivuko kilichoinuliwa na njia mpya vipelekwe Oktoba, vikiwa vimepita mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muhtasari uliosainiwa uambatanishwe. Wekeni pia karatasi zenyewe za kuhesabia, pamoja na zile zilizolowa mvua na kuandikwa kwa penseli. Safi mlizochapa kompyuta ni nzuri, ila mhandisi ataziuliza hizo za penseli kwanza.