Gari dogo, kiti cha mtoto na maneno ya watu

Ukiwa na gari dogo na mtoto yuko njiani, sentensi moja utaisikia kila upande: "Hilo itabidi mliuze." Wanaoisema wana nia njema, ila wengi wao hawajawahi kufunga kiti cha mtoto cha kutazama nyuma, yaani kile kinachomkalisha mtoto akiwa ameipa mgongo mbele ya gari. Hebu tuyachambue maneno yao.

"Kiti cha kutazama nyuma hakiingii kwenye gari dogo."

Kuingia kinaingia. Kinachobanwa ni magoti ya mtu aliyekaa mbele yake, kwa sababu kiti hicho hulala kuelekea mgongo wa kiti cha mbele. Kwa hiyo usiulize gari lina urefu gani kutoka bampa hadi bampa. Uliza: kiti cha mtoto kikishafungwa, mtu mrefu kuliko wote nyumbani atakaa wapi?

Kuna magari mafupi yaliyolijibu swali hilo vizuri kuliko gari refu lenye boneti na buti la kujivunia. Renault Twingo ya kwanza, iliyotoka 1993, haikufika hata mita tatu na nusu, lakini kiti chake cha nyuma kiliteleza mbele na nyuma: unapunguza buti, unaongeza nafasi ya miguu. Honda Fit ya 2001, ambayo kwingine inaitwa Jazz, tangi lake la mafuta liliwekwa chini ya viti vya mbele, na nafasi iliyookolewa ikaenda kwa abiria wa nyuma. Gari linaloonekana kiberiti kwa nje laweza kuwa na ukumbi ndani.

Ukienda kutazama gari, nenda na kiti chenyewe na huyo mtu mrefu. Nimeshamwona baba mmoja akikifunga kiti nyuma ya dereva, akatabasamu kwamba kimetosha, kisha akakaa kwenye usukani magoti yakiwa yamekwama chini ya dashibodi. Kiti kilitosha, yeye ndiye hakutosha. Dereva anashauriwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani, na nafasi hiyo haiibwi ili kumpa mtoto. Angalia pia kitabu cha kiti kinasemaje kuhusu kugusana na kiti cha mbele. Vipo vinavyoruhusu, vipo vinavyotaka mwanya.

"Miguu ikishagusa mgongo wa kiti, mgeuze atazame mbele."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inasemwa kwa uhakika mkubwa. Mtoto hukunja miguu, huipishanisha kama mtu aliyeketi mkekani, wala haoni taabu. Tatizo liko shingoni. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda huku kichwa kikitupwa, na shingo ndiyo inayobeba uzito huo. Anayetazama nyuma hupokewa na ganda la kiti: kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika 2013, hairuhusu mtoto kugeuzwa mbele kabla ya miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini tu. Mwaka 2018 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliacha kutaja umri wa miaka miwili wakasema mtoto abaki akitazama nyuma hadi afikie kikomo cha urefu au uzito cha kiti chake. Uswidi ni kawaida kuendelea hadi karibu miaka minne.

Mwenye gari dogo asishtuke akisikia miaka minne. Kiti cha mtoto mchanga ndicho hulazwa sana, ili kichwa kisimwangukie kifuani akashindwa kupumua vizuri. Akikua, vingi huruhusu kusimamishwa zaidi, na hapo nafasi ya mbele hurudi kidogo.

"Basi mweke kiti cha mbele, kuna nafasi."

Kama mfuko wa hewa (airbag) wa upande huo unafanya kazi, hapana, na hapa hakuna mjadala. Gari likigonga, mfuko hujaa kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na kilicho mbele yake ni mgongo wa kiti penye kichwa cha mtoto. Magari mengine yana swichi ya kuuzima. Kama lako halina, mtoto anakaa nyuma.

"Gari lina Isofix, nimemaliza."

Isofix ni vyuma viwili vilivyojificha kwenye mkunjo wa kiti cha nyuma, vimeachana sentimita 28. Vinasaidia kupunguza makosa ya kufunga, lakini havikuambii kama kiti kitatosha. Viti vingi vya aina hiyo vina mguu unaosimama sakafuni, na baadhi ya magari yana kisanduku cha kuhifadhia vitu chini ya sakafu, palepale mguu unapotua. Kifuniko cha kisanduku hakikuundwa kubeba nguvu ya ajali. Soma kitabu cha gari kabla ya kununua.

Kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari si cha daraja la pili, mradi kimekazwa: kishike pale mkanda unapopita, ukitikise, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kasoro ya magari madogo hapa ni mkanda wenyewe. Kiti cha mtoto mchanga huzungukwa na mkanda, na wakati mwingine unaishia vidole vitatu kabla ya kufika kwenye kifungio. Hilo hulioni kwenye picha za tangazo.

"Katikati ndiko salama, lazima akae katikati."

Ni kweli kwamba katikati ni mbali na milango. Lakini kwenye magari madogo mengi katikati ni pembamba, hakuna Isofix, na pengine mkanda ni wa kiunoni tu, ambao viti vingi havikubali. Kiti kilichokaa imara nyuma ya abiria ni bora kuliko kinachoyumba katikati, na dereva anabaki na nafasi ya magoti yake.