Kijipu chenye Tundu na Nguo Zilizoanikwa Kivulini: Maswali na Majibu

Mtoto wangu ana vijipu mgongoni, na kila kimoja kina kitundu katikati. Ni nini?

Hapa Dar es Salaam, hususan nyakati za mvua, kijipu chenye kitundu kinachotoa majimaji au damu kidogo mara nyingi kina buu la nzi ndani yake. Nzi huyo, kwa jina la kitaalamu Cordylobia anthropophaga, hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini au kwenye nguo mbichi, hasa zilizobaki na harufu ya mkojo au jasho. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, kisha buu husubiri joto la mwili na kupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote.

Lakini sisi tunafua kwa sabuni na kusuuza vizuri.

Kufua hakutoshi, kwa sababu mayai hutagwa baada ya nguo kufuliwa, wakati zinaanikwa. Nepi iliyoning'inizwa chini ya mwembe, khanga iliyotandazwa juu ya michongoma, shuka lililolazwa kwenye majani, au kamba iliyolegea hadi pindo za nguo zikagusa mchanga: hayo ndiyo tunayosimuliwa hapa zahanati kila tunapouliza nguo zilianikwa wapi. Nzi huyu hukwepa jua kali. Anikeni juani, juu ya kamba iliyokazwa, na anueni mapema badala ya kuziacha nje hadi usiku.

Je, nikitumbue?

Hapana. Usikitumbue kwa pini, usikichane kwa wembe, wala usikiminye kwa kucha. Buu lina vijimwiba vinavyolishikiza ndani ya ngozi. Ukiliminya likapasuka, vipande vyake hubaki ndani, ngozi huvimba, na kidonda ambacho kingepona upesi hugeuka usaha.

Jirani yetu ni mzoefu, huwatoa watoto wengi mabuu kwa wembe uliopitishwa motoni.

Hapana, hata kwa jirani mzoefu. Wembe huo hupita kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na sisi ndio tunaopokea vidonda vyake wiki inayofuata, mzazi akiwa amekwisha kumpa mtoto kapsuli alizonunua dukani bila kuandikiwa. Dawa ya kuua bakteria haiui buu. Wala hapa hakuna aliyerogwa. Kuna nguo ambayo haikupigwa pasi, mayai ya nzi yakabaki hai.

Basi litolewe vipi?

Paka mafuta ya mgando kwa wingi hadi kitundu kizibe kabisa. Buu hupumulia hapo, hivyo baada ya nusu saa au zaidi hujisogeza juu kutafuta hewa, na mhudumu hubonyeza ngozi taratibu kutoka pembeni na kulivuta kwa kibano likiwa zima. Kwa mtoto mchanga, au kijipu kikiwa kichwani, usoni au sehemu za siri, usijaribu nyumbani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Tuzuieje?

Kwa pasi ya moto. Piga nguo pande zote mbili, ukikawia kwenye mishono na lastiki, na usiziache nepi, chupi, shuka na taulo kwa kudhani kwamba hazionekani na watu. Hizo ndizo zinazogusa ngozi muda mrefu zaidi. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa hufanya kazi ile ile. Asiye na pasi aanike ndani, kwenye chumba chenye wavu madirishani. Mbwa wa nyumbani naye akaguliwe, maana mabuu haya humshambulia pia.

Tumekwisha kukitumbua na sasa pamekuwa pekundu.

Njooni leo, msisubiri kesho. Wekundu unaoenea, usaha, homa au mtoto kukataa kunyonya vinahitaji matibabu ya haraka. Mje na kadi ya kliniki, ili tuone kama chanjo ya pepopunda imekamilika, na mtueleze bila kuficha kilichotumika kutumbulia.