Ulimwachia Wapi? Neno kwa Wavuvi wa Boti Ndogo Puget Sound

Msimu wa samoni ukifunguliwa Puget Sound, mkono wa bahari katika jimbo la Washington, Marekani, malalamiko huwa ni yale yale. Mvuvi amesimamishwa na askari wa uvuvi, ameandikiwa kosa, naye anaapa kwamba yule samaki wa kosa alimwachia aende zake. Hatubishi. Tunachouliza ni alimwachia wapi, na kwa namna gani.

Tuanze na samaki wa miamba, yule anayeitwa kwa Kiingereza "rockfish". Kibofu chake cha hewa kimefungwa pande zote. Hakina mrija wa kutolea hewa kama cha samoni. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa angahewa moja, kwa hiyo ukimvuta kutoka mita 30, hewa iliyo ndani yake hutanuka mara nne. Mwili hujaa, macho hutoka, kitu kama puto huchomoza mdomoni. Hapo wengi husema "huyu keshakufa" na kumtupa majini. Hajafa. Anaelea kwa kuwa hawezi kuzama, na ndege wa baharini humalizia kazi. Na jamani, tuacheni kumtoboa. Hilo puto si kibofu cha hewa, ni tumbo lake lililopinduka.

Dawa ni kumshusha. Tangu 2017, anayevua samaki wa chini (wanaokaa karibu na sakafu ya bahari, kama huyu wa miamba) au halibati, samaki bapa mkubwa, kwa boti anatakiwa awe na kifaa cha kushushia samaki, kikiwa kimefungwa kamba na tayari kutumika papo hapo. "Tayari" maana yake tayari. Kifaa kilichomo bado kwenye pakiti ya dukani hakimo katika maana hiyo, wala kile ambacho chubwi yake imebaki nyumbani. Si lazima kiwe cha gharama: kreti ya plastiki iliyopinduliwa, yenye vizito pembeni na kamba juu, inatosha. Mpeleke samaki karibu na kina alikotoka. Hewa hugandamizwa tena, naye hujiondokea mwenyewe. Usimweke kwanza kwenye ndoo ukitafuta simu ya kumpiga picha.

Kwa nini tunang'ang'ania? Samaki wa miamba mwenye macho ya njano, yule mwekundu wa kuvutia, anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, na huchelewa sana kuanza kuzaa. Mmoja unayemtupa leo huenda alizaliwa kabla ya babu yako. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliwaingiza wale wa Puget Sound katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka huo huo ikakatazwa kuondoka na samaki yeyote wa miamba katika Puget Sound, na kuvua samaki wa chini kwenye kina kinachozidi futi 120, yaani kama mita 37. Lingikodi, samaki mwingine wa chini, hana kibofu cha hewa, kwa hiyo habari ya kutanuka haimhusu. Futi 120 zinamhusu.

"Lakini mimi navua samoni tu." Ndoana haisomi leseni. Samaki wa miamba hukamata chambo cha samoni bila kuuliza, kwa hiyo beba kifaa hata kama hukukusudia kuvua chini.

Kwa samoni, kosa hufanyika ukingoni mwa boti. Samoni usiyeruhusiwa kuondoka naye haruhusiwi kuingizwa ndani ya boti, hata kwa sekunde moja. Mtazame akiwa majini. Wa kufugwa, yaani aliyetotolewa kituoni kisha akaachiwa majini, huwa amekatwa lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, na kovu limepona. Mwenye pezi lake huhesabiwa wa asili, na mara nyingi ndiye usiyeruhusiwa kuondoka naye. Tazama na aina ya samoni: chinuki ana ufizi mweusi kwenye mzizi wa meno, koho mweupe. Picha ya samoni wa asili mapajani mwako, ndani ya boti, umejipigia ushahidi mwenyewe.

Adhabu: kosa la uvuvi wa burudani la daraja la pili linaweza kukupeleka jela hadi siku 90 na faini hadi dola 1,000. Ukikutwa na samaki mara mbili au zaidi ya idadi inayoruhusiwa, unaingia daraja la kwanza, hadi siku 364 na dola 5,000. Kiwango huamuliwa na hakimu, si askari aliyekusimamisha, kwa hiyo kubishana naye pale majini hakusaidii. Kanuni hutofautiana eneo kwa eneo na zinaweza kubadilishwa katikati ya msimu. Zisome asubuhi ya safari, si ulizosikia mwaka jana gatini.

La mwisho, kadi ya kuandikia samaki. Samoni uliyeamua kumchukua huandikwa papo hapo, kabla ya kutupa mshipi tena, si mkifika nchi kavu. "Kalamu iliingia maji" tumeisikia sana. Beba mbili. Penseli haikubaliki, kadi ya karatasi hujazwa kwa wino.