Je, wajua kwa nini moyo huruka pigo?

Dakika ya 88 pale uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Coastal Union wanapata penalti. Jukwaa zima limeshika vichwa, kila mtu anausikia moyo wake. Mpira uingie wavuni au upae juu ya mtambaa panya (Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, nao!), wengi hutulia baada ya muda. Wapo ambao moyo hudunda, huruka, kisha hudunda tena ovyo.

Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Adrenalini haiingii ndani ya seli za moyo. Hunata kwenye vipokezi vya nje, na ujumbe hupokewa ndani na molekuli ndogo iitwayo cAMP, iliyompa Mmarekani Earl Sutherland Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Hiyo huamsha vimeng'enya, kalsiamu inaingia kwa wingi, moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Hapo hakuna ugonjwa.

Mkorofi ni kimeng'enya kingine, CaMKII. Kalsiamu ndiyo inayokiamsha, na kikiamshwa mfululizo hujigeuza kikaendelea na kazi hata kalsiamu ikishapungua. Kila seli ina ghala lake la kalsiamu, ambalo kati ya pigo na pigo linapaswa kufungwa. CaMKII hulilegeza, likavuja kama bomba bovu. Seli inahangaika kuitoa: kila chembe moja ya kalsiamu ikitoka, tatu za sodiamu zinaingia. Kalsiamu ina chaji mbili, sodiamu tatu zina chaji tatu. Chaji moja ya ziada inabaki ndani. Zikirundikana, umeme unawaka kabla ya saa yake na pigo la ziada linapita. Kile unachokiita kuruka mara nyingi ni ule ukimya mrefu unaolifuata.

Pigo moja moja la hivyo hata mzima wa afya hulipata. Kwenye moyo uliochoka, CaMKII huzidi, na mapigo hayo yanaweza kufuatana hadi mdundo uvurugike kabisa.

Kuna na watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye mlango wa ghala lenyewe. Wakikimbia au wakitishwa, wanazimia. Nyumbani watu husema kifafa, wengine shetani. Dawa kama propranolol, iliyobuniwa na James Black miaka ya 1960, hukalia vipokezi adrenalini isipate pa kunata. Ila mtoto huyo akipimwa umeme wa moyo akiwa amelala, karatasi inaweza kutoka safi kabisa. Ndiyo maana daktari humpima akikimbia juu ya mashine ya mazoezi, waya zikiwa kifuani.