Kuchanganya mazao sio kwamba mkulima hajui

Wengi tumekua tukiamini mkulima wa kijijini akipanda mahindi, maharage na maboga shamba moja basi hajui kilimo, na inaeleweka kabisa maana hata mabwana shamba wengi walifundisha zao moja kwa mistari. Ila wanaanthropolojia, yaani watafiti wa maisha na tamaduni za watu, waliokaa na wakulima Afrika msimu mzima, wanapalilia nao huku wanauliza kwa nini hiki kiko hapa na kile pale, wamekuta kuna hesabu kubwa, maharage yanarutubisha udongo, majani ya maboga yanazuia magugu na kutunza unyevu, na mvua ikigoma zao moja likifa lingine linabaki. Wamatengo kule Mbinga, kusini mwa Tanzania, nao wana ngoro, mashimo yanayozuia mmomonyoko milimani, na hayo hawakuletewa na mradi wowote.

Sisemi kila cha zamani ni sahihi, ndio maana jaribu mwenyewe. Maharage yakianza maua chimbua shina moja taratibu, osha mizizi, utaona vinundu vidogo, pasua kimoja kwa kucha, kikiwa chekundu au pinki ndani ujue kinanasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kirutubisho cha mmea. Halafu muulize aliyepanda kwa nini kapanda vile.